Mwalimu Aroni na Shahidi wa Pili

Ndugu waombolezaji, Mwalimu Aroni Rugemalira alizaliwa Kamachumu tarehe 4 Aprili 1953, kwa mujibu wa cheti cha ubatizo, ingawa mwenyewe alituonya kwamba hiyo ni siku aliyobatizwa, si aliyozaliwa, na kwamba siku tukisoma historia yake tutaje kila habari tumeitoa wapi, nasi leo tunatii.

Alisoma shule ya msingi Kamachumu na sekondari Bukoba, akafundisha muziki Muleba toka 1974 hadi alipostaafu 2013. Tarehe 16 Juni 1979 alifunga ndoa na Evodia, kanisani Nshamba, wakajaliwa Dativa na Derick.

Alipostaafu aliandika historia ya nyimbo za enanga, ala yetu ya nyuzi, na hapo ndipo alipotukorofisha. Sisi nyumbani tulijua kwamba ule wimbo wa kumsindikiza bibi harusi aliutunga tata, baba yake mzazi, lakini vitabu vitatu vilimtaja mtu mwingine, Mwalimu akavichimba, akakuta vyote vimenakili makala moja isiyosema habari hiyo imeipata wapi. Tulishangilia, kumbe bado, kwani alikataa kumwandika baba yake pia, akisema mashahidi wote ni ndugu, na mwamba ngozi huvutia kwake. Dada yake Felicitas alinuna, Krismasi nzima hakukanyaga kwake, jambo lililomuumiza sana Mwalimu rohoni, lakini hakulegea.

Mwezi Agosti 2023 Dativa alimpeleka Kemondo kwa mzee Buberwa, mpiga enanga wa ukoo mwingine kabisa, ambaye kabla ya kugusa nyuzi hutaja wimbo ni wa nani, na bila kujua mgeni wake ni mtoto wa nani, alipofika kwenye wimbo ule akamtaja Rugemalira wa Kamachumu, yaani tata. Dativa anasema baba yake alilia njia nzima hadi Muleba.

Aliugua figo kuanzia Januari 2025, akatibiwa Bukoba, akafariki tarehe 8 Novemba saa nne asubuhi, Evodia akiwa ameshika mkono wake mmoja na Felicitas mwingine, nao ndio waliotupa habari hii.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliolala nasi matangani, na walimu wenzake. Sisi tukisema alikuwa mtu mwema atatukatalia, maana tu ndugu, ila ninyi si ndugu zake na mmekuja kumlilia. Mwalimu waitu, Mwalimu wetu, shahidi wa pili amepatikana, pumzika sasa kwa amani.