Émérance Nabintu, Mama Juu-ya-Nini (1966–2025)

Mama Émérance Nabintu alizaliwa Kadutu, mjini Bukavu, tarehe 14 Juni 1966, mtoto wa tatu wa Papa Aaron na Mama Yolande. Mbuzi wa Noeli alipochinjwa, watoto wengine walisubiri nyama. Yeye alichukua mapafu, akatia mdomo kwenye koromeo, akapuliza hadi yakajaa. Alichapwa kwa uchafu ule, lakini alikuwa ameshaona jinsi pumzi inavyolijaza pafu.

Shuleni, alikohitimu mwaka 1985, maswali yake yaliwachosha walimu hadi wakamwita Juu-ya-Nini, yaani "kwa nini" kwa Kiswahili cha kwetu. Jina lile lilimfuata mpaka hapa Brussels, na asikudanganye mtu, alilipenda.

Tarehe 12 Agosti 1989 alifunga ndoa na Papa Onésime. Vita viliwatoa Bukavu. Mwaka 1999 walifika Saint-Gilles, hapa Brussels, baadaye wakahamia Evere, ambako alitunza wazee majumbani mwao. Aliwaogesha, akawalisha, akawadodosa maisha yao yote.

Mwaka 2022 alipatikana na kansa ya titi. Alipasuliwa, kisha akapigwa mionzi hadi Desemba. Machi 2023 alianza kikohozi kikavu, na ngazi za nyumbani zikamshinda. Sisi wadogo zake tukasema ni baridi tu, huku kila mmoja akiogopa kwamba kansa imerudi. Rolande, binti yake, alikuwa anaolewa Septemba, na mama alikuwa ameahidi kumwimbia kanisani yeye mwenyewe. Bila pumzi angeimbaje?

Daktari Femke alipomwonyesha picha ya kifua, hakulia. Aliinama akaikagua.

"Docteur, juu ya nini hii ukungu imekatika sawa, vile muntu amepima na règle?"

Daktari alicheka. Ugonjwa hautembei kwa rula, akamwambia; mionzi ndiyo hupita kwa mstari. Pafu lilikuwa limevimba kwa sababu ya mionzi, kansa haikurudi. Akampa vidonge vya kortizoni, avinywe na chakula, vipunguzwe kidogo kidogo.

Pumzi ikarudi. Basi mnatujua: Mungu akitenda, tunafunga. Mwezi Mei kikundi cha sala kilifunga siku tatu kumshukuru, naye akafunga pamoja nao. Chakula hakuna, vidonge kando. Loo! Kifua kilimbana kuliko mara ya kwanza, tukamkimbiza hospitali.

"Nilikuwa namushukuru Mungu," alimwambia daktari. "Alors, juu ya nini kifua inakasirika?"

Akaelezwa kwamba dawa ile ndiyo iliyoutuliza uvimbe, na ikikatwa ghafla uvimbe huamka. Alianza upya, polepole, kila kidonge na bugali wake. Tarehe 30 Septemba 2023 alimwimbia Rolande ubeti mmoja, ameketi. Papa Onésime alilia kuliko bibi harusi.

Mwaka huu kansa ilirudi kweli, safari hii kwenye ini. Aliendelea kuuliza hadi wiki ya mwisho, akafariki nyumbani Evere tarehe 8 Novemba 2025. Inatuuma sana.

Ameacha mume, Papa Onésime. Watoto wawili, Rolande na Guylain. Mkwe wake Florent, na mjukuu mmoja. Aliagiza jambo moja tu: katika matanga yake mtu asifunge. "Wenye vidonge wakule wa kwanza." Sahani zao ziko tayari ukumbini.

Mungu ampokee, ampe pumzi isiyokatika, na awe na subira ya kumjibu.