Kaka Yetu Rudia na Sampuli Aliyoikataa

Kaka yetu tunayemsindikiza leo alizaliwa tarehe 14 Machi 1957, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni. Mama alikuwa mshonaji na baba mlinzi. Kati yetu sita, yeye ndiye aliyetukagua mikono kabla ya kula, na asiporidhika alisema neno moja tu: "Rudia." Jina likamganda mpaka uzeeni.

Alimaliza sekondari mwaka 1975, akasomea ufundi sanifu wa maabara, na mwaka 1979 akaajiriwa katika maabara ya utafiti wa dawa. Huko walitafuta dawa ya kuwazuia bakteria wasijitengenezee folati, vitamini ambayo sisi tunaipata kwenye chakula lakini wao hujipikia wenyewe. Kila sampuli aliipima kwanza kwenye kimeng'enya kinachofanya upishi huo, kisha kwa bakteria hai ndani ya supu ya kuwaoteshea. Supu ikibaki angavu, dawa imefanya kazi. Ikichafuka, bakteria wameshinda.

Mwaka 1984 Mwenyezi Mungu alimjalia mke, wifi yetu muuguzi. Wifi husimulia kwamba siku ya kumposa alimuuliza mara mbili.

"Si nimeshakubali?"

"Nilitaka kuhakikisha."

Kipimo kimoja hakukirudia. Mwaka 2008 mwanakemia kijana, ambaye kaka alizoea kumwita Binti, alimletea sampuli aliyoihangaikia kwa miaka. Kwenye kimeng'enya ilifanya vizuri, lakini kwenye supu bakteria walistawi. Kaka akaandika kwamba haifai. Mradi ukafungwa, Binti akaenda kufundisha sekondari.

Mwaka 2015, akiwaelekeza wanafunzi wa mafunzo kazini, aligundua kwamba supu ile ilikuwa nono mno. Ilikuwa na vitu ambavyo bakteria hutengeneza kwa kutumia folati, vikiwa tayari. Alitueleza mezani, chakula kikipoa mbele yake: "Nilimzimia mtu jiko, huku nampelekea chakula mlangoni. Halafu nikashangaa hafi njaa."

Aliipima upya sampuli ya Binti kwa supu nyepesi. Ikabaki angavu kama maji. Wifi alidhani atafurahi, akamkuta amekaa kwenye ngazi za jikoni, viatu mkononi.

Alimfuata Binti shuleni kwake. Binti alimsikiliza akiwa amesimama mlangoni mwa ofisi ya walimu, chaki mkononi. "Miaka yote hii, mzee," akasema, "nilijua nimeshindwa mimi." Kaka alimwendea mkuu wa maabara, akakiri kosa, akaomba Binti arudishwe. Alirudishwa. Lakini salamu zake kwa kaka zilikuwa za kazi tu.

Sisi ndugu zake tulimwambia atulie, kwamba Mungu amekwisha kumsamehe. Alijibu, "Mungu sikumfukuza kazi."

Januari 2016 aligundulika kuwa na saratani ya kongosho. Kila tulipoingia wodini aliuliza kama Binti amepita. Jioni ya tarehe 8 Agosti alikuja, bado na koti lake jeupe.

"Unatumia supu gani?" kaka akamuuliza, hata kabla ya salamu.

"Nyepesi, mzee. Na nimerudia."

Alicheka mpaka akakohoa. Kisha akauliza, "Umenisamehe?"

Binti alimnyooshea shuka kwanza. "Bado. Nitakuja kesho tuongee."

"Njoo, mwanangu."

Alifariki alfajiri ya tarehe 9 Agosti 2016. Binti alikuja kama alivyoahidi, akakuta kitanda kimetandikwa upya.

Haya tumeyasoma kwa agizo la marehemu mwenyewe, aliyetukataza kumsomea sifa tupu, na kwa ruhusa ya Binti, ambaye tumeketi naye hapa. Kaka ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu wawili, ndugu watano, na sampuli ambayo bado inaendelea kupimwa.

Mwenyezi Mungu ampe pumziko alilojinyima.