Mwalimu Kabati na Mlango Ambao Haukupimwa

Ndugu, jamaa na wenzake wa kazini, kabla udongo haujarudi mahali pake, kuna jambo moja katika maisha ya marehemu linalopaswa kunyooshwa, nalo ni nani hasa alikosea kuhusu kabati. Litafika kwa zamu yake. Tuanze alikoanzia.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1951, katika nyumba ya pili kutoka kiwanda cha matofali, mtoto wa tatu wa mchoma matofali na mshona mashuka ya hospitali. Alikuja na kichwa kikubwa, mkunga akasema huyu atakuwa waziri. Mjomba wake, mdogo wa mwisho wa mama yake na ndiye aliyeandika karatasi hii, alimzidi miaka minne tu. Walilala kitanda kimoja, wakavaa shati moja kwa zamu, wakagombania kila kitu isipokuwa kuosha vyombo.

Alianza shule ya msingi Januari 1959, mfukoni ana kamba yenye mafundo. Kwa kamba hiyo alipima madawati, ubao, na siku moja tumbo la mwalimu mkuu aliyekuwa amesinzia kitini. Alichapwa, ingawa kipimo kilikuwa sahihi. Mjomba alikimbia umande mapema akashika randa. Marehemu aliendelea, akamaliza kidato cha nne mwaka 1970, kisha akasomea utunzaji wa stoo kwa miaka miwili. Mwaka 1973 aliajiriwa katika ghala la vipuri vya magari ya jeshi. Rafu zake zilikuwa na lebo mpaka kwenye ndoo ya kudekia.

Jumamosi tarehe 16 Septemba 1978 alimwoa mpiga chapa wa posta, mwanamke wa maneno machache na yote yanafika. Kabati la harusi lilitengenezwa na mjomba, aliyekuwa ndio kwanza amefungua karakana na tayari hakuna aliyemfikia kwa mkono (hili si kujisifu, waulizeni wateja walio hai). Lilikuwa la mbao ngumu, milango mitatu, na kioo cha kujitazama mtu mzima. Jumatatu likabebwa na wanaume wanne, likagoma mlangoni. Likageuzwa, likalazwa, likang'olewa miguu. Lilizidi kwa vidole vitatu.

Lilikaa barazani miezi saba chini ya turubai, na kila asubuhi bibi harusi alitoka nje kuchagua gauni huku majirani wakichangia mawazo. Alimwambia mumewe kwamba ameolewa katika nyumba mbili, moja ya kulala na moja ya nguo. Mwishowe dirisha la chumba lilibomolewa, kabati likapita, dirisha likajengwa upya. Mjomba alitangaza mtaa mzima kwamba fundi hutengeneza alichoagizwa. Marehemu alinyamaza, na lawama ikamganda yeye.

Mwaka 1986 alihamishiwa chuo ambako maofisa wa majeshi ya nchi nyingine walifundishwa namna ya kununua vifaa vya kijeshi, kuvisafirisha na kuviweka katika hali ya kufanya kazi. Kozi ilikuwa ya wiki kumi na mbili, katika chumba cha ghorofa ya kwanza chenye meza zilizopangwa nusu duara. Kila siku ya kwanza alichora kabati ubaoni, akasimulia habari za turubai na gauni, na maofisa wenye nyota mabegani wakacheka mpaka wakafuta macho. Kisha akawaambia, "Mnunuzi ni mimi, na aliyekosea ni mimi." Akamgawia kila mmoja futi, akawateremsha uani kupima geti la stoo ya chuo. Waliporudi aliwauliza upana wa geti la ghala la nyumbani kwao. Kwa miaka ishirini na mitano hakuna aliyejibu papo hapo. Hapo ndipo masomo yalipoanza: nani atalipakua gari melini, tairi zake zitatoka wapi, na fundi atakayelirekebisha anasoma lugha gani. Maofisa wakambatiza Mwalimu Kabati.

Mwaka 2008 alikuja kanali mmoja ambaye akirudi kwao angetia saini ununuzi wa malori arobaini ya kubeba vifaru. Katika kazi yake ya mwisho ya kozi, penye swali la uwezo wa daraja linaloelekea ghala la kwao, aliandika kwamba muuzaji amethibitisha linatosha. Marehemu akakataa kumsainia cheti. Mkuu wa chuo alimwita, akamkumbusha kwamba sherehe ni Ijumaa, kwamba nchi ile ni mteja mzuri, na kwamba mkataba wa mtu fulani unaisha Desemba. Marehemu alimjibu taratibu, "Mkuu, aliyesema amepima si lazima awe amepima. Nina kabati linalonishuhudia."

Ijumaa ile kanali aliwapigia wenzake makofi, yeye akiondoka mikono mitupu, uso umemvimba. Jioni alipiga simu kwao kwa hasira, akaagiza wahandisi wakakague daraja ili amwaibishe mwalimu. Jumatatu alirudi na majibu: daraja lisingebeba hata nusu ya uzito ule. Alipata cheti chake. Marehemu naye Desemba alirudishwa kwenye rafu za vipuri, akakaa huko miezi kumi na minne, mpaka kanali, sasa brigedia, alipoandika kwamba nchi yake haitaleta mwanafunzi mwingine kama Mwalimu Kabati hayupo. Alirudishwa, akafundisha hadi alipostaafu Machi 2011.

Mkewe aliposimulia jibu lile mezani, kila mtu alicheka isipokuwa mjomba, ambaye ghafla alikumbuka ana kazi karakana.

Figo zilianza kumsumbua mwaka 2021. Alisafishwa damu mara tatu kwa wiki, na wauguzi walizoea kuulizwa kama mashine ina vipuri. Jumatano tarehe 17 Januari 2024 mjomba alikaa kando ya kitanda chake, akapiga moyo konde. Alimweleza kwamba mwaka ule alipopewa futi mpya akapime mlango, aliishia kwenye drafti kwa jirani, na upana alioandika aliutoa kichwani.

Marehemu alimtazama bila kushtuka. "Mjomba, nilijua siku ileile. Futi uliirudisha na karatasi ya dukani haijachanwa."

Mjomba akamuuliza kwa nini basi amejibebesha lawama miaka arobaini na mitano, mbele ya majeshi ya watu.

"Ulikuwa ndio kwanza umefungua karakana. Nani angekuagiza hata kigoda?" Kisha akauliza kama sanduku lake litatengenezwa na mjomba. Akaambiwa ndiyo. "Basi safari hii pima."

Alifariki Jumatatu tarehe 22 Januari 2024, saa nne na dakika ishirini asubuhi, mkono wake ukiwa katika mkono wa mkewe.

Ameacha mjane, mabinti wawili (mmoja muuguzi, mwingine dereva wa kreni), mwana mmoja aliye fundi umeme, wajukuu watano, brigedia mstaafu aliyesafiri siku mbili na amesimama pale nyuma, kabati moja lisilo na mkwaruzo, na mjomba mmoja. Iandikwe na ichapwe, maofisa wote aliowafundisha wajue: mnunuzi hakukosea. Alikosea fundi.

Mlango wa nyumba yake ulipimwa jana mara tatu, kwa futi, mbele ya mashahidi. Leo asubuhi ametoka, na kila upande pamebaki vidole vinne. Pumzika sasa, mpwa wangu. Umepita vizuri.