Serikali Mbili, Hirizi Mbili

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Mama zangu na ndugu zangu wa darsa hii, leo sikuja kukaa na kusikiliza tu. Nimemwomba mwalimu wetu anipishe kidogo, maana Mwenyezi Mungu kanitendea jambo, na nikilinyamazia nitakuwa mwizi wa fadhila.

Wengi mnanijua. Mimi ni Riziki, mzaliwa wa Makunduchi, mkaazi wa hapa Kikwajuni kwa shangazi yangu Bi Mgeni, yule pale aliyeegemea nguzo. Nina shahada ya utawala, na tangu niipate sikuwa na kazi ila kutafuta kazi. Mtaani walishanitungia jina: Riziki asiye na riziki. Wanasema huku wanacheka, na mimi nacheka nao, nikifika chumbani nalia.

Ndugu zangu, mtu wa hapa kwetu akitaka kazi ya serikali ana milango miwili. Kuna Serikali ya Muungano na kuna Serikali ya Zanzibar, na kila moja ina usaili wake na sheria zake za kusoma. Mimi nikabisha hodi kote kuwili. Asubuhi nasoma ya huku, alasiri nasoma ya kule. Na mambo yenyewe yanafanana kama mapacha: huku Rais na kule Rais, huku Katibu Mkuu Kiongozi na kule Katibu Mkuu Kiongozi. Lakini ukichungulia ndani, kila nyumba ina utaratibu wake. Kichwa changu kikawa mseto wa choroko, hujui mchele uko wapi.

Nikaanguka kote. Nikarudi mara ya pili, nikaanguka tena kote.

Shangazi yangu kanilea na kanisomesha kwa bajia zake, na uchungu wangu ulikuwa wake. Akaniambia, "Weye si mjinga, Riziki. Weye umefungwa." Basi akanichukua kwa mafundi wa uganga. Namsema mbele yake na kanipa ruhusa. Serikali mbili, akaona na mafundi wawe wawili. Fundi wa Makunduchi akanifunga hirizi mkono wa kulia, ya mtihani wa Zanzibar, akanipa na mwiko: nisivuke maji ya chumvi mpaka mtihani huo upite. Fundi wa Kidichi akanifunga mkono wa kushoto, ya mtihani wa Muungano. Mwiko wake yeye ulikuwa nisile pweza.

Nikasoma kwa bidii na mikono yangu imefungwa. Mara wito ukatoka. Mtihani wa Muungano Alhamisi, Dar es Salaam. Mtihani wa Zanzibar Jumamosi, hapa Unguja. Pweza niliweza kumwacha. Maji ya chumvi nitayarukaje?

Shangazi akampigia fundi wa Makunduchi kumwombea ruhusa. Fundi akajibu neno moja: achague. Shangazi akanigeukia kwa huruma kabisa, "Waache wa Bara, mwanangu. Mshika mawili, moja humponyoka." Ndugu zangu, nilifadhaika. Nimesoma mpaka macho yameniuma, na sasa nauacha mtihani kabla sijauona. Na kibaya zaidi, nilikuwa nakubali. Sikuogopa mtihani tena, nilikuwa naogopa boti.

Ikaadhiniwa alasiri. Nikaenda kutawadha. Nilipofika kwenye kukosha mikono nikaisukuma juu hirizi ya kulia, maji yakapita, nikaisukuma ya kushoto, maji yakapita. Kila siku nilifanya hivyo bila ya kufikiri. Siku ile nikasita. Nikajiambia: Riziki, unakwenda kusimama mbele ya Mola wako, na mikononi umevaa wadhamini wengine wawili, kama kwamba Yeye hatoshi. Haya ilinishika. Nikamaliza kusali, nikamwendea shangazi jikoni.

"Shangazi, Mwenyezi Mungu wa Unguja ndiye wa Dar es Salaam, au kule kuna mwengine?"

"Astaghfirullah! Maneno gani hayo?"

"Basi kama ndiye huyohuyo, mie nnakwenda."

Nikachukua mkasi nikazikata zote mbili palepale. Shangazi akashika kichwa. Akasema, "Ukianguka usije ukanambia mie." Lakini kulipokucha ni yeye aliyenipikia chai na kunisindikiza mpaka mlangoni, bila ya kunitazama usoni.

Sitaki kukudanganyeni. Kwenye boti niliogopa. Kila wimbi likipiga najipapasa mkono, sikuti kitu. Nilitapika pia, ila hayo nayaachia bahari, si uchawi. Nikawa nasema tu: Ya Rabbi, nimebaki na Wewe.

Nikaingia chumba cha mtihani, nikafungua karatasi. Swali la mwanzo kabisa lilitaka kujua nani mtendaji mkuu wa serikali katika kata. Hapo Mwenyezi Mungu akanifunua macho. Kule Bara kata ina mtendaji wake. Huku kwetu hakuna kata ya namna ile, kuna shehia, na shehia ina sheha. Na mimi mara zilizopita niliandika sheha Dar es Salaam, na Unguja nikaandika mtendaji wa kata! Mimi, niliyekulia jirani na nyumba ya sheha! Nikacheka peke yangu hata msimamizi akanitupia jicho. Hakuna aliyenifunga, ndugu zangu. Hapakuwa na jicho wala jini. Nilikuwa nawajibu watu wa nyumba hii kwa habari za nyumba ile, na hofu ilinizuia nisilione kosa langu mwenyewe. Kila swali nikawa najiuliza kwanza: niko upande gani wa maji? Jumamosi, hapa kwetu, nikafanya vivyo hivyo.

Alhamdulillah! Jina langu lilitoka kote. Nikaitwa mahojiano kote, nikapita kote. Nasema haya kwa kujivuna kidogo, mnisamehe, maana anayejivunia neema ya Mola wake hana kosa. Aliyeshika mawili hakuponyokwa hata na moja. Nimechagua kazi ya hapa Unguja kwa kuwa nawapenda watu wangu, si kwa kuogopa kuvuka, na Jumatatu naripoti.

Kama yupo hapa mwenye mtihani, na najua mpo, nakuombeni: someni, maana Mwenyezi Mungu hatakuandikia majibu. Ila hofu yako mpe Yeye peke yake. Usiigawe kwa mafundi.

Jana shangazi alinikuta napiga pasi nguo za kazini. Mkononi mwake bado anayo ya kwake, na mimi simlazimishi. Akaniuliza, "Na huko ofisini utakwenda hivyohivyo mtupu?"

Nikamwambia, "Sendi mtupu, shangazi. Nnaye aliyenivusha."

Akanyoosha kola ya shati langu. Kisha akasema, "Basi ukisali, mwambie na mie aniangalie."

Nikamjibu, na ndilo ninalokuachieni nyote kabla sijakaa: Mwambie mwenyewe, shangazi. Anakusikia.