Magari Mawili Mbele ya Benchi la Mama Greda

Benchi limeegemea ukuta wa nyumba yetu, chini kabisa ya dirisha la chumba cha mama, pale kona ambapo barabara ya lami inakutana na kichochoro cha mafundi. Mama alilichongesha alipostaafu kazi ya kuendesha greda. Alimwambia seremala apime kimo chake kwa magoti yake yeye, si ya mtu mwingine, kwa sababu alitaka kukaa nje jioni atazame wengine wakiziharibu barabara alizozisawazisha. Hakulifaidi sana, maana wanaume walikuja na kahawa. Wa kwanza ni Volti, fundi umeme, ambaye hutembea na mfuko wa koleo na tepe hata akienda msibani. Wa pili ni Bima, aliyekuwa wakala wa bima miaka mingi na mpaka leo hukuangalia kama mtu utakayeungua kesho. Wa tatu ni Spea, mwenye duka la vipuri ng'ambo ya barabara, ambaye anasema hulilinda duka vizuri zaidi akiwa hayumo ndani yake. Kahawa huuzwa na Shangazi, ambaye si shangazi wa mtu yeyote pale na hana maneno mengi.

Mada niliwaletea mimi. Gari letu dogo limechoka, na duka la magari lililoko upande wa juu wa barabara lilikuwa na mawili yaliyotufaa: yote ya umeme, yote ya familia, yote yameinuka, na yote yana sura ya mtu aliyelala akashiba usingizi. Moja jeupe, jingine la kijivu. Kijiwe kililibatiza jeupe Bwana Harusi na la kijivu Mpambe, kwa kuwa suti ni moja na hujui nani anaoa mpaka usogee karibu. Mimi nafundisha takwimu chuoni. Nalipwa kutazama vitu viwili vinavyofanana mpaka vitofautiane. Haya yalinishinda. Chaji moja, umbali ule ule. Viti saba kwa saba. Buti la Mpambe lilizidi kwa nafasi ya mkoba mmoja. Mume wangu alitaka jeupe, na sababu hakuwa nayo ila kwamba alikuwa ameshasema hivyo mbele ya marafiki zake. Watoto walitaka la kijivu kwa sababu lina kioo kwenye paa. Ukiwauliza watatazama nini huko juu, wanajibu: mawingu.

Lakini aliyetufanya tutafute gari la kuinuka ni mama. Baada ya kupasuliwa nyonga aliacha kupanda gari. Si kwamba hawezi kukaa ndani, hataki kuingizwa. Gari letu dogo ni la chini, ukikaa ni kama umekaa sakafuni. Siku ya kumuaga rafiki yake kazini, binamu zangu wawili walimtoa ndani kwa kumshika makwapa, miguu inaburuta, mbele ya watu ambao zamani walikuwa hawagusi sururu mpaka yeye aseme. Walidhani wamefanya jambo jema. Mama alikaa kwenye sherehe mpaka mwisho, akala, akacheka, na aliporudi nyumbani akaniambia neno moja: sibebwi. Tangu hapo mialiko inakuja inaondoka. Kliniki huenda kwa miguu, akipumzika kwenye kila baraza la duka. Daktari alimwambia kwamba siku atakayoweza kuingia na kutoka garini bila kushikwa, arudi kwenye maisha yake yote. Mama akamuuliza, yote? Daktari akasema yote. Nilikuwepo na nilidhani ni maneno ya kumfariji mgonjwa, kama vile nilivyodhani leseni yake ya magari makubwa, aliyoibandika kwenye kioo cha kabati, ni kumbukumbu tu.

Siku ninayoisimulia, muuzaji alitaka jibu kabla ya mchana. Kulikuwa na mteja mwingine, alisema, na nilimwamini kiasi anachostahili muuzaji kuaminiwa. Nikatoka na kikombe changu, nikasimama mbele ya benchi, nikawaambia wazee wa kijiwe kwamba leo ndiyo leo.

Volti alianza na joto. Rangi ya kijivu inanyonya jua, alisema, kwa hiyo betri ya Mpambe itatoka jasho, jasho ni maji, na maji na umeme kila mtu anajua hayakai chumba kimoja. Nilimuuliza kama amewahi kufungua hata moja ya gari hizo. Akanijibu kwamba fundi wa kweli hafungui kitu ili ajue kina nini. Anafungua ili amuoneshe mwenye kitu.

Bima alikuwa na habari nzito zaidi. Magari hayo, alisema, yanatoka kwa ndugu wawili wa tumbo moja waliogombania nyumba ya baba yao, wakagawana michoro ya gari nusu kwa nusu. Ndiyo maana yamefanana matako na kutofautiana pua. Atakayenunua moja ajue amejiingiza kwenye ugomvi wa urithi.

— Sasa achukue la nani, la kaka mtu au la mdogo mtu? Spea akauliza.

— La kaka mtu. Mdogo ndiye aliyebaki na nyumba.

— Wewe hayo umeyajulia wapi?

— Nimefanya kazi ya bima. Siri za watu wote zilipita mezani kwangu.

Volti hakukubali kuachwa nyuma. Alieleza, kwa sauti ya chini kana kwamba nguzo ya umeme iliyo mbele yetu inasikia, kwamba Bwana Harusi ukilipaki karibu na transfoma linajichaji lenyewe kwa kuvuta pumzi. Shirika la umeme linajua. Linanyamaza, na ndiyo maana siku hizi transfoma zinapandishwa juu kabisa ya nguzo.

Spea alikuwa hajachagua upande tangu mada ianze.

— Mimi sichagui, alisema. Gari lisilovuja oili linaficha kitu.

Nimechoka na watu wanaozivika hofu zao nguo za hekima, kwa hiyo nilimwambia wazi. Yeye anauza chujio, plagi na mikanda, na magari haya hayataki hata kimoja kati ya hivyo. Aseme tu kwamba anaogopa njaa, tutamwelewa.

Hakutikisika.

— Naogopa, ndiyo. Lakini mtu kuogopa siyo kwamba amekosea.

Ningemheshimu siku nzima kama angeishia hapo. Hakuishia. Aliendelea kwamba gari lisilo na sauti litavunja ndoa, kwa sababu mume atarudi nyumbani bila kutangulia kusikika, na nyumba nyingi zimesimama kwa ule muda kati ya mngurumo na mlango. Bima alimuunga mkono, kitu ambacho hakijawahi kutokea. Shangazi akainua chupa ya kahawa, akaipima uzito kwa mkono, akamimina yote iliyobaki kwenye kikombe cha Volti bila kuulizwa.

Hapo dirisha lililo juu ya vichwa vyao likafungwa kwa kishindo. Kisha tukasikia mkongojo ukigonga sakafu, kisha kizingiti, kisha lami.

Mama alikuwa hajakaa na kijiwe tangu atoke hospitali. Shikamoo zilipishana. Spea na Bima waliruka kutoka kwenye benchi kama limeshika moto, na Spea akanyoosha mikono yote miwili kumpokea.

— Usiniguse, mama akamwambia, bila ukali. Benchi langu na mimi tunajuana.

Akageuka, akakaa, akaunyoosha mguu mbaya mbele yake. Kisha akasimama. Kisha akakaa tena, taratibu, mikono yote ikiwa juu ya mkongojo na si mahali pengine popote. Nilielewa baadaye kwamba hakuwa anapumzika.

— Nimewasikiliza kupitia dirishani tangu mlipoanza, akasema. Nimewasikia ndugu wanagombana, nimesikia transfoma inanyonywa. Nina swali moja. Kiti kiko juu kiasi gani?

Pikipiki ilipita. Mtu akafungua duka, akalifunga.

Bima alijaribu. Alisema viti vya siku hizi vinajisogeza vyenyewe kwa umeme, mbele, nyuma, juu, chini, na vina kumbukumbu.

— Vinakumbuka nini?

— Ulivyokaa, Mama Greda.

— Sijakaa bado.

Volti akatoa wazo la kigoda cha kukanyagia, kinachoweza kuwekwa kwenye buti. Mama akamuuliza ni nani atakayekitoa kigoda na kukirudisha, kisha akamjibia mwenyewe: huyo huyo ndiye atakayenishika kwapa. Spea akasema springi zinaweza kukatwa gari likashuka. Mama alimtazama mpaka springi zikarudi zenyewe mahali pake.

Halafu akanigeukia mimi.

Nilikuwa najua umbali wa kila chaji. Nilikuwa najua upana wa buti, uzito wa betri, na muda wa kuijaza kwa plagi ya nyumbani. Nikaangalia ndani ya kikombe changu, ambacho kilikuwa kitupu.

Nikapiga simu dukani, nikaiweka spika ili wote wasikie. Dada aliyepokea alianza na umbali wa chaji moja. Nikamwambia nataka kimo cha kiti kutoka ardhini. Akaniomba nisubiri, muziki ukapiga, akaja mwanamume, naye akaanza na umbali wa chaji moja. Nilipomrudishia swali alicheka kidogo, akasema hakuna mteja aliyewahi kuuliza hilo.

— Mwambie wateja wake bado wana magoti, mama akasema. Mwambie ayalete hapa. Yote mawili.

Mwanamume akasema gari hupelekwa kwa mteja aliyekwisha kuchagua. Nikamwambia tumekwisha kuchagua: tunanunua lile ambalo mama yangu ataingia mwenyewe. Asipoingia kwenye lolote, yule mteja mwingine, kama yupo, ayachukue yote mawili na Mungu ambariki. Simu ikauliza tunakaa wapi.

Tulipokuwa tunasubiri, mama alisimamisha mkongojo wake wima, ukigusana na ubao wa benchi, akamuomba Volti tepe yake nyeusi. Volti alipiga magoti kwenye vumbi. Akaizungusha tepe kwenye mkongojo, sawasawa na pale ubao ulipoishia, kwa uangalifu ambao sijawahi kumuona akiufanyia waya wa mtu. Nadhani ilikuwa kazi yake bora ya mwaka.

Magari yalikuja yamefuatana, muuzaji mwenye tai akiendesha la mbele na dereva wa duka la nyuma. Tulijua yamefika kwa kuyaona. Spea alitikisa kichwa kuhusu hilo. Wanaume wote watatu walikwenda moja kwa moja kwenye boneti. Muuzaji akawafungulia. Ndani mlikuwa na kifuniko cha plastiki, safi kama meza ya ofisini, na Spea alisimama mbele yake ameshika mikono nyuma kama mtu anayeaga maiti.

Mama hakwenda kwenye boneti. Muuzaji alimfungulia mlango wa mbele wa Bwana Harusi, upande wa abiria, na mama akaushusha mkongojo kando ya kiti. Tepe iliishia chini; kiti kilikuwa juu yake kwa vidole vinne. Alijaribu hata hivyo. Akageuka, akaegemea, akajisukuma kwa mguu mzima, na makalio yakagusa ukingo wa kiti yakakataa kupanda. Mikono ya muuzaji ikamkaribia. Mama akaiangalia ile mikono mpaka ikarudi mifukoni. Kisha akaufunga mlango mwenyewe.

Tukahamia kwa Mpambe. Mkongojo ukashuka. Tepe na ukingo wa kiti vikawa sawa, kama vimekatwa na seremala mmoja. Mama akageuka, akakaa. Akaingiza mguu mzima, akaushika ule mbaya chini ya goti kwa mikono yake, akauvuta ndani. Akatoka. Akaingia tena. Akatoka tena. Nilikuwa nimeuma mdomo bila kujua, na Bima, aliyewakatia watu bima za kila aina ya ajali, alikuwa amefumba macho.

— Hongera, Mama, muuzaji akasema. Sasa watakupeleka popote utakapo.

Mama alimtazama kama mtu anayetazama barabara iliyosawazishwa vibaya. Akachukua mkongojo, akazunguka mbele ya gari, mkono mmoja ukipita juu ya boneti, akafungua mlango wa upande wa pili. Akapima. Tepe ikawa sawa. Akakaa nyuma ya usukani.

— Mama, nikasema, upande wako ni ule.

— Ule nilikuwa nauliza kama unafaa kwa wageni. Leseni unajua ilipo.

Nilikuwa najua ilipo. Nilikuwa naiona kila nilipoingia chumbani kwake, na hata siku moja sikuwahi kusoma tarehe ya kuisha kwake. Yote, daktari alisema, na kati yetu wawili tuliokuwa mbele yake ni mmoja tu aliyekuwa anasikiliza.

Akanipa mkongojo. Nikazunguka, nikakaa upande wa wageni, nikafunga mkanda. Muuzaji akaingiza mkono dirishani, akamuonesha kitufe, kisha akakimbilia mlango wa nyuma akihangaika na kitasa. Mama akabonyeza. Hapakuwa na mngurumo wala mtetemo. Vioo vilitulia, usukani ukatulia. Akatoa kichwa nje, akawauliza wale watatu waliokuwa wamejipanga mbele ya benchi:

— Imewaka?

Volti akamtazama Bima. Bima akamtazama Spea. Spea, ambaye maisha yake yote hulitambua gari kwa sikio kabla halijakata kona, aliinama akaweka kiganja juu ya boneti, akasikiliza, akakiondoa. Nyuma yao Shangazi alikuwa ameigeuza chupa ya kahawa juu chini, na hakuna tone lililotoka.

Mlango wa nyuma ukafungwa. Mama hakungoja jibu. Akaachia breki, na benchi likaanza kurudi nyuma.