Historia ya Dada Yetu, Wakili wa Watoto Waliovuka Mpaka Peke Yao

Ndugu, jamaa na majirani, mimi ni kitinda mimba wa nyumba hii, nimetumwa na familia kuwasomea maisha ya dada yetu mkubwa, na mtaniwia radhi mkinisikia nina hasira, kwa sababu ninayo.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1971, mtoto wa kwanza kati ya wanne wa fundi cherehani na mkunga, akaanza shule ya msingi mwaka 1978, akamaliza sekondari mwaka 1989, na tarehe 20 Novemba 1995 akatunukiwa shahada ya sheria, akiwa amevaa suti aliyoshonewa na baba, yenye mikono iliyoishia karibu na viwiko, wala hakukubali irekebishwe.

Alianza kazi Februari 1996 katika ofisi ya mawakili wa kesi za viwanja, mambo yakamnyookea, mpaka tarehe 3 Septemba 2009 alipokosea mlango pale mahakamani, akamkuta mtoto wa miaka mitano, aliyeingia nchini bila mzazi, amekaa peke yake mbele ya hakimu, miguu inaning'inia, upande wa pili yuko mwanasheria wa serikali na makabrasha yake, na mtoto alipoulizwa wakili wake ni nani, akamwonyesha mlinzi wa mlangoni, kwa kuwa ndiye aliyempa maji. Sheria inamruhusu mtoto kama huyo kuwa na wakili, mradi amtafute mwenyewe. Mtoto yule alirudishwa alikotoka wiki ileile, na dada hakugusa tena kesi ya kiwanja.

Alikuwa amefunga ndoa tarehe 14 Agosti 1999 na mwalimu wa hisabati, shemeji yetu aliyekaa hapo mbele, wakajaliwa mabinti wawili, mwaka 2001 na 2004, na shemeji alizoea kututania kwamba yeye ameoa masjala, maana huko ndiko mkewe alikoshinda, akitafuta mafaili aliyoambiwa hayaonekani. Kwa karibu miaka kumi na mitano alisimama na watoto zaidi ya mia sita, huku mawakili wenzake wakimwita Mama Chekechea. Jina hilo halikutufurahisha hata siku moja.

Januari 2024 figo zilianza kumsumbua, akalazwa mara tatu, daktari akampiga marufuku kazi, muuguzi akamkuta na faili chini ya shuka, akamnyang'anya, kesho yake akamkuta nalo tena. Alifariki Jumatano, tarehe 12 Juni, saa kumi na moja alfajiri.

Faili hilo ni la msichana wa miaka saba, na kesi yake ni kesho Jumatatu, saa tatu asubuhi. Ijumaa nilikwenda kuomba iahirishwe, karani akaniambia kwa upole, "Kaka, lete kwanza cheti cha kifo," nikaenda kukifuata, nikaambiwa hutoka siku saba za kazi baada ya mazishi, nikarudi kwa karani, akasema basi mtoto atajibu mwenyewe. Huko kituoni anakolelewa bado wanamwambia wakili wake anaumwa.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliotupikia na kutufariji, na mawakili, ambao nimewahesabu hapa, mko thelathini na wanane. Mwisho wa historia kama hii humtakia marehemu apumzike kwa amani, nami nilikuwa nimeliandika neno hilo, ila siwezi kulisoma huku najua si kweli. Faili ninalo mkononi. Nitasimama hapahapa mpaka mmoja wenu aje alichukue, ndipo nitamalizia.