Chupa Iliyomfunga Leodgar Ngassa

Shilingi mia tatu hizi hapa, zimo ndani ya bahasha, amezileta karani Stanslaus wa mgodini asubuhi hii na kuniambia kwa sauti ya chini, "Mabula, ndugu yangu, ile habari ya kifungo iruke, msiba ni wa kusitiriana," nami nimemjibu mbele ya akina mama waliokuwa wakisonga ugali kwamba siuzi ukurasa, na akizidi kunivuta shati tutapigana hapa hapa matangani, kwa hiyo bahasha nimeiweka mkekani, aichukue mwenyewe, nanyi waombolezaji mniwie radhi, wasifu wa marehemu nausoma wote.

Marehemu kaka yangu Leodgar Ngassa alizaliwa Ushirombo tarehe 2 Oktoba 1912, mtoto wa kwanza wa mzee Ngassa na mama Nyamizi, akabatizwa misheni, akasoma hapo hapo tangu 1922 hadi 1926, akaishia darasa la nne kwa kuwa ng'ombe wa baba walikufa kwa ugonjwa, si kwa kuwa alikuwa mjinga, kama wengine walivyopenda kusema baadaye.

Tarehe 14 Julai 1936 alifunga ndoa na Epifania, huyu mnayemwona ameketi karibu na jeneza, wakajaliwa Silvesta, Lukresia na Generosa, na mmoja aliyetangulia kabla hajapewa jina.

Tarehe 11 Januari 1939 aliandikwa kazi mgodini, upande wa Geita, katika chumba cha kupimia dhahabu, kazi yake kuosha chupa zilizotumika kwa tindikali ya kuyeyushia dhahabu, na kwa miaka minane hakuna aliyejua kama ana macho, ila kama ana mikono.

Machi 1947, chupa zilipokuwa na madoa yasiyotoka, alizitia maji ya magadi na limau akazichemsha, kama mama alivyotufundisha kusafisha sufuria, na yale maji yaliyobaki, ambayo kila siku yalimwagwa mtaroni, yakageuka mekundu kama maji ya rozela, akadhani ameharibu kitu, akayaficha, akayatia mafuta ya taa ili yaonekane ni uchafu, na katika haraka hiyo akayamwagia spiriti ya taa ya mezani, akatikisa, na yalipotulia wekundu ulikuwa umepungua, na katikati, pale mafuta yanapokutana na maji, umejitandaza utando mwembamba unaong'aa kama shilingi mpya.

Marehemu hakuiona ajabu hiyo mara moja akaiacha, aliirudia mara arobaini na moja na kuandika kwenye daftari, kwamba utando ukitazamwa kutoka juu ni wa rangi ya dhahabu, ukiinuliwa dirishani jua lipite kati yake ni wa buluu inayoelekea kijani, ukiwa haba haung'ari, unabaki kama moshi wa zambarau, na akamaliza kwa maneno yake mwenyewe kwamba dhahabu ikiwa punje zisizoonekana, zikitawanyika majini ni nyekundu, zikigandana huwa buluu, na zikipangana bega kwa bega juu ya maji huwa kioo.

Bwana mkubwa wa chumba alipoonyeshwa alicheka akasema ni uchafu mzuri, lakini Stanslaus, aliyekuwa karani wa meza ya pili, hakucheka, aliishika chupa ile kwa mikono yake, akaitikisa, akaona utando ukivunjika na kujiunga tena, akasema, "Wewe Leodgar, umefungia jua chupani, na halina hata uzito wa ubawa wa nzi," maneno ambayo marehemu alitusimulia nyumbani kwa furaha, akiamini amepata shahidi.

Tarehe 15 Agosti 1951 kipande cha dhahabu cha wakia nne kilipotea stoo, nyumba za kambi zikapekuliwa, chupa ikakutwa dirishani kwake inang'aa, na tarehe 3 Septemba akasimamishwa mahakamani, akaomba utando ule umwagwe juu ya karatasi, ukauke, upimwe kwenye mizani, akajibiwa kwamba kielelezo hakiharibiwi, kisha akaitwa Stanslaus, akaulizwa kama hiyo ni dhahabu, akasema, "Ndiyo, bwana, ni dhahabu," akaulizwa ni kiasi gani, akasema hajui.

Mimi kazi yangu ni mizani ya pamba, ratili ni ratili, nami nasema mtu aliyetamka nusu ya kweli akameza nusu amepunja, na kwa nusu hiyo marehemu alifungwa miezi kumi na minane katika jela ya Shinyanga, akafukuzwa kazi, Silvesta akaitwa mtoto wa mwizi hadi akaacha shule, na Machi 1953 kabati la stoo lilipohamishwa wakia zile nne zilionekana nyuma yake, wala hakuna aliyemwandikia hata barua ya mstari mmoja.

Alirudi Ushirombo na kifua kibovu, akalima karanga, akazidiwa Februari mwaka huu, akapelekwa Shinyanga kwa lori, akafariki tarehe 9 Juni 1956 saa nane mchana, akiwa na miaka arobaini na mitatu, miezi minane na siku saba.

Familia inamshukuru daktari na dresa waliomhudumia bila kumuuliza alifungwa kwa nini, majirani waliotuletea kuni na maji, mwanangwa wetu, mkuu wa kijiji, aliyetoa ng'ombe, na wenzake wanne wa mgodini waliokuja kwa baiskeli siku mbili, wengine hatuwashukuru.

Kaka, umekohoa vya kutosha, sasa lala utulie.

Na wewe karani Stanslaus, jeneza hili halishuki bado, sisi na watoto wake tunakudai ile nusu uliyoimeza, simama hapo ulipo uwaambie watu hawa chupa ile ilikuwa na nini.